Sababu ya Kumsimamisha Fundi Kufuli

Jumatatu, 6 Mei

Leo naanza shajara, na naapa kuandika yote. Hata ya aibu. Hasa ya aibu, kwa sababu Mwalimu wetu wa Uraia anasema shahidi anayechagua cha kusema si shahidi, ni msusi wa maneno.

Daftari hili lilikuwa la Baba. Kurasa za mbele zina michoro ya vitasa vya milango. Za nyuma ni nyeupe, amenipa. Nilimwomba na kufuli la sanduku la kulifichia, akanipa moja zuri la shaba. Kisha nikakumbuka: katika nyumba ya fundi kufuli hakuna kinachofungika. Hata Bibi, mama yake Baba, hufungua makufuli kwa pini ya nywele. Kwa hiyo, Bibi, kama unasoma hapa, samahani kwa nitakayoandika juu yako.

Sasa ukweli. Asubuhi nilimwona Baba akisimamishwa na polisi.

Nilijua kwamba husimamishwa. Sikuwa nimewahi kuona. Yeye hutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, mimi hutoka baadaye. Leo nilipofika kwenye duka la mikate nilimkuta amepiga magoti kwenye lami, mkoba wake wa kazi uko wazi, anavitoa vifaa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya gazeti. Tupa tatu. Bisibisi. Koleo. Zile nyaya nyembamba za kufungulia makufuli yaliyopoteza funguo. Pete kubwa yenye funguo mia mbili ambazo bado hazijachongwa, hazifungui kitu chochote duniani. Foleni yote ya mkate ilikuwa inatazama. Mtu mmoja akasema si bure, funguo zote hizo za nini kama si za nyumba zetu?

Aliyesimama juu yake ni Sajini. Anavaa filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Baba alikuwa akisema ndiyo, afande; sawa, afande. Baba yangu ana shingo kama nguzo! Leo alikuwa ameikunja.

Katika foleni alikuwamo Kiranja. Kiranja tuko naye darasa moja. Yeye ni wa kwanza katika Uraia, mimi wa pili kwa alama moja, na alama yenyewe ilikuwa ya mwandiko, sio ya akili. Kiranja pia ni binti wa Sajini. Alinitazama. Kisha akautazama mkate wake.

Na mimi je? Niliapa kuandika yote. Nilivuka barabara nikapita upande wa pili, kana kwamba simjui yule mtu aliyepiga magoti.

Alasiri nilimuuliza Bibi tulipokuwa tunamenya viazi. Akanieleza yote. Baba amepewa kazi ya kubadilisha vitasa arobaini vya hospitali. Hajapata kazi kubwa kama hiyo tangu Mama atutoke. Sharti lake ni kufika saa moja kamili, kabla wagonjwa hawajajaa kwenye korido. Ameshachelewa mara mbili, ya pili ikiwa leo, na zote ni kwa sababu ya Sajini. Muuguzi Mkuu amemwambia ya tatu itakuwa ya mwisho, vitasa vitakavyobaki atapewa fundi mwingine.

Nikauliza kwa nini Baba hamwambii kwamba anacheleweshwa na polisi. Bibi akaweka kisu chini. Akaniuliza mimi ningekuwa Muuguzi Mkuu, nikaambiwa mtu huyu polisi wanamsimamisha kila wiki, ningempa funguo za stoo ya dawa?

Nimeamua. Baba hatachelewa mara ya tatu. Sijui kwa njia gani. Lakini nimeamua.


Jumanne, 7 Mei

Bahati iliyoje! Leo tumeanza Sura ya Saba: "Polisi na Raia Mtulivu." Nimenakili mpaka kidole kimeingia shimo.

Mwalimu amesema hivi. Askari anaweza kumkaribia mtu yeyote, kumsalimu na kumuuliza jambo, kama jirani anavyoweza, na mtu huyo anaweza kujibu au kuendelea na safari yake. Lakini kumzuia asiende ni jambo jingine. Hapo askari lazima awe na sababu ya msingi ya kumshuku, yaani kitu alichokiona au alichoambiwa, kinachoweza kuelezwa kwa maneno. Hisia tupu si sababu. Uso wa mtu si sababu. Kusimamishwa jana si sababu ya kusimamishwa leo. Na anayezuiwa ana haki ya kuambiwa kwa nini.

Nikanyoosha mkono. Na mkoba wa vifaa je? Kiranja akajibu kabla ya Mwalimu (huyo ndiye Kiranja!) kwamba inategemea ni vifaa gani. Mwalimu akasema inategemea pia saa, mahali na mtu anafanya nini navyo. Fundi anayekwenda kazini asubuhi na vifaa vyake, akasema, ni fundi anayekwenda kazini asubuhi na vifaa vyake. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili.

Mpango wa Kwanza: Kadi. Nimekata jalada la daftari la zamani, nikaandika kwa wino wa bluu:

Afande, naomba kujua sababu ya kunisimamisha.
Je, nimekamatwa?
Kama sijakamatwa, naweza kwenda?

Baba aliporudi tukafanya mazoezi jikoni. Bibi akajitolea kuwa polisi. Akavaa sufuria ndogo kichwani, mpini wake ukiwa upande, akamzuia Baba kati ya jiko na mlango. Akamuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi, na uso huo kaupata wapi. Baba akasema ndiyo, afande. Nikamkumbusha kadi. Akaitoa, akaisoma polepole kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya macho.

Polisi akajibu kwamba anayo sababu: mfuko wa koti la mtuhumiwa unatoa sauti ya karatasi. Akatia mkono. Peremende sita! Na daktari alimkataza Baba sukari tangu mwaka jana. Nikapinga kwa niaba ya raia, kwamba upekuzi huo si halali kwa kuwa hisia si sababu. Bibi akasema yeye hakuwa na hisia, alikuwa na masikio. Ushahidi ukatwaliwa. Baadaye nilimsikia polisi akiula ushahidi chumbani kwake.

Baba alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia taratibu kwamba kadi ni nzuri, mwanangu, lakini mwenye nguvu mpishe. Nikamjibu kwamba Mwalimu anasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akaniuliza Mwalimu hupita njia gani kwenda kazini.

Lakini kadi aliitia mfukoni, pale palipokuwa na peremende.


Jumatano, 8 Mei

Mvua kubwa. Nilimtangulia Baba na kujificha nyuma ya ubao wa matangazo wa duka la mikate, na mwavuli, na kitabu kikiwa wazi kwenye Sura ya Saba ili nimsaidie akikwama.

Sajini hayupo! Foleni haipo! Baba akapita peke yake katikati ya barabara, anaimba. Amefika hospitali robo saa mapema na Muuguzi Mkuu amemsalimu yeye kwanza. Leo amemaliza vitasa vinane, jumla ishirini na moja.

Nilikasirika. Ndiyo, naandika yote. Nilikasirika kwa sababu baba yangu hakusimamishwa. Kadi nzuri vile, imelowa bure.

Tena mimi ndiye niliyechelewa. Getini alikuwa zamu Kiranja. Akaniambia nisimame nieleze sababu ya kuchelewa. Nikamuuliza kama nimekamatwa. Akaandika jina langu. Nikamuuliza, kama sijakamatwa, naweza kwenda? Akaliandika mara ya pili, chini ya kichwa "Ujeuri." Kesho nitafagia darasa.


Alhamisi, 9 Mei

Jua. Na Sajini.

Alimzuia Baba dakika ishirini. Mkoba wazi, gazeti chini, mambo yaleyale. Baba alifika hospitali saa moja kasoro dakika moja, amekimbia na mkoba wa kilo kumi na mbili begani. Jioni nilimuuliza kuhusu kadi. Hakuitoa. Akaniambia kadi ilikuwepo mfukoni, mdomo ndio haukuwepo.

Leo pia nilifagia darasa. Kiranja alibaki kunisimamia, amekaa juu ya dawati akining'iniza miguu. Nikamwambia ainue miguu, nafagia. Akainua. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba baba yake hamchukii baba yangu. Maduka matatu yamevunjwa mwezi huu na Mkuu wa Kituo anamgombeza kila siku alete mtu, mtu yeyote. Na baba yangu mkoba wake unalia. Mtu ambaye mkoba wake unalia alfajiri, alisema Kiranja, ni lazima aulizwe.

Nikamwambia mkoba unalia kwa sababu una kazi, si kama filimbi ya watu wengine. Akanionyesha vumbi nililoliacha pembeni.

Nilimsimulia Baba habari ya maduka. Akasema ameyaona hayo makufuli, yamepigwa nondo. Mwizi huvunja, akasema, fundi hufungua. Basi. Akarudi kwenye chai yake isiyo na sukari.

Lakini Kiranja amenipa wazo, bila kujua! Tatizo si Baba, tatizo ni mkoba. Mpango wa Pili: Kikapu. Vifaa vinafungwa kimoja kimoja kwa vitambaa vya jikoni visilie. Vinawekwa ndani ya kikapu cha Bibi cha sokoni. Juu yake kabichi. Nani amewahi kumsimamisha mtu mwenye kabichi?

Baba alikataa. Alisema mkoba ule alipewa na fundi aliyemfundisha, siku alipofungua kufuli lake la kwanza, na kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuuficha. Akasema akiuficha atakuwa amekubali. Nikamuuliza amekubali nini. Akachukua kitambaa akaanza kuufuta mkoba.

Nilisema ni kesho tu. Nilisema vitasa vimebaki kumi na moja. Nilisema "mara ya tatu" mara tatu. Bibi akaleta kabichi, akalikalisha juu ya kikapu na kulizungusha ili upande wenye tundu usionekane. Funika kombe mwanaharamu apite, akasema.

Baba akautundika mkoba mtupu kwenye msumari wake. Alikaa akiutazama muda mrefu.


Ijumaa, 10 Mei

Ya leo sitaki kuyaandika. Lakini niliapa.

Kipindi cha pili Kiranja alinipitishia karatasi chini ya dawati. Imeandikwa maneno matano: "Baba yako yuko kituoni. Kikapu." Nikaomba ruhusa kwenda msalani. Msala wangu leo ulikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili, kwa kukimbia.

Kituoni kuna kaunta ya mbao iliyochubuka, benchi moja, na kabati la chuma la kijivu. Baba alikuwa kwenye benchi. Kikapu kiko miguuni, kabichi amelipakata. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro dakika kumi.

Mara ya tatu.

Alinieleza kwa sauti ya chini. Sajini alimwita kama kawaida. Safari hii mdomo ulikuwepo! Alitoa kadi mbele ya foleni yote, akaisoma: afande, naomba kujua sababu ya kunisimamisha. Sajini hakujibu kitu. Aliliinua kabichi. Akazikuta tupa zimevishwa vitambaa. Akasema sababu ni hii hapa, mtu mwenye vifaa vya halali havifichi. Na kadi akaichukua pia.

Wiki nzima Sajini hakuwa na sababu. Nilimtengenezea mimi.

Nikaenda kwenye kaunta, nikafungua Sura ya Saba, nikaisoma kwa sauti. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Ni lazima niseme ukweli, Sajini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kile ni kitabu cha shule. Polisi wana chao, Mwongozo wa Kazi. Nikaomba tuusome huo. Akasema umo kabatini. Nikaomba afungue kabati.

Konstebo aliyekuwa nyuma ya kaunta akakohoa. Akasema ufunguo ulipotea zamani, tangu enzi za mkuu wa kituo aliyemtangulia yule aliyemtangulia huyu.

Hapo Baba akazungumza. Alitumia sauti yake ya kazini, ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa askari. Alisema kitasa hicho ni cha pini tano. Dakika tatu.

Wakatazamana. Vifaa vilikuwa ushahidi. Sajini akamuuliza konstebo kama ushahidi unaweza kuazimwa. Konstebo akasema kanuni ya jambo hilo nayo imo kabatini.

Baba akaniachia kabichi, akapiga magoti. Jumatatu pia alipiga magoti, lakini leo shingo ilikuwa wima. Nyaya mbili mkononi, sikio karibu na chuma. Mwanamke aliyekuja kuripoti baiskeli yake aliacha kulalamika na kusogea aone. Dakika mbili na nusu. Kitasa kikasema kak! na mlango ukafunguka wenyewe, kwa adabu.

Ndani: vikombe vinne, koti la mvua, kiatu kimoja, na Mwongozo wa Kazi. Bado ulikuwa ndani ya nailoni yake.

Sajini aliichana nailoni. Akasoma akisogeza midomo. Ukurasa mmoja aliusoma muda mrefu sana, akarudi juu, akausoma tena. Mwishowe akaniuliza wazo la kikapu lilikuwa la nani. Nikasimama wima nikasema langu. Baba akasema lake. Tulisema kwa pamoja. Sajini akalitazama kabichi mikononi mwangu kana kwamba nalo litasema ni lake.

Akamwambia Baba aende. Hakusema samahani. Hakusema neno la sababu. Lakini vile vifaa vilivyotawanyika mbele ya kabati, ni yeye aliyeinama kuviokota, kimoja kimoja, akampa.

Baba alitoka mbio kwenda hospitali. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nilirudi darasani nimebeba kabichi. Kiranja alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba tumbo linaniuma. Sijui ni hila gani hiyo. Lakini lilikuwa linaniuma kweli.


Jumamosi, 11 Mei

Vitasa ishirini na tisa vya Baba. Kumi na moja vya fundi mwingine.

Jana alipofika alimkuta yule fundi tayari yuko kwenye mlango wa stoo ya dawa, anafunga kitasa kwa skrubu fupi zisizoshika vizuri. Leo Baba alirudi mara ya mwisho kukabidhi funguo. Muuguzi Mkuu hakuwa mkali. Alisema sababu za watu huzisikia siku nzima, yeye ana wagonjwa wanaolala kwenye vyumba visivyofungika. Baba anasema mama yule ana haki. Linalomuuma zaidi, anasema, ni zile skrubu fupi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha, yenye utangulizi. Niliisahau yote. Nililia tu juu ya viazi, nikasema ni mimi, na kwamba Jumatatu nilimwona akiwa amepiga magoti na nikavuka barabara. Hilo hakuwa analijua. Akasema aliniona.

Aliniona! Siku zote hizi. Alisema siku ile alifurahi kwamba nilivuka, kwa sababu hakutaka nione. Na akasema sasa anaona tulikosea wote wawili, na kwamba mkoba wake hatauficha tena, hata nikimletea Sura ya Themanini.

Kisha akatueleza ya njiani, hali anafungua kamba za viatu, kana kwamba ni habari ndogo. Alikuwa anarudi kutoka hospitali, mkoba begani, unalia kama kawaida. Kwenye duka la mikate Sajini akamwita. Baba akasimama. Kadi hakuwa nayo, ilibaki kituoni. Akauliza kwa maneno yake mwenyewe: "Afande, leo kuna sababu?"

Sajini akautazama mkoba. Akaitazama foleni. Foleni nayo ikamtazama yeye.

Akasema hakuna.

Baba akasema basi nakwenda kwangu, siku njema. Akaenda. Anasema alihesabu hatua arobaini, hatua moja kwa kila kitasa. Nyuma yake hakuna aliyemwita.

Bibi aliingia chumbani kwake, akatoka na peremende mbili zilizobaki, akaziweka mezani mbele ya Baba, akarudi kwenye sufuria yake.


Jumapili, 12 Mei

Bibi amenikalisha kitako kuniuliza nimejifunza nini wiki hii. Kabla sijajibu akanisaidia. Nimejifunza kutoingilia mambo ya wakubwa. Nimejifunza kutotoroka vipindi. Nimejifunza kwamba polisi wa watu hafundishwi kazi na mtoto, na kwamba kabichi ni la kupikwa. Niliitikia yote. Niliinamisha kichwa vizuri sana.

Mara hodi! Kiranja, amevaa nguo za nyumbani. Sikujua kwamba ana nguo za nyumbani. Alikuja na ujumbe. Kabati la kituo sasa halifungiki, kikombe kimoja kimeshapotea, na baba yake anauliza kama Baba anaweza kufika kesho kuwachongea ufunguo. Baba akajibu kutoka uani kwamba atafika, ila Sajini kwanza aandike kwenye karatasi sababu ya kumwita. Iwe ya msingi. Kiranja akacheka. Ana pengo.

Tukakaa kizingitini. Akaniambia baba yake ameuleta ule Mwongozo nyumbani, anausoma mezani, na jana alimuuliza yeye maana ya neno moja. Hakutaka kuniambia ni neno gani. Aliuliza tu kama kitabu changu cha Uraia kina ukurasa wa sitini na moja, maana wake umechanika. Tukausoma pamoja. Ile alama moja nimeisamehe. Karibu yote.

Na nilipokuwa nikisoma hapo hapo nikaona jambo. Mpango wa Tatu! Huu hauwezi kuharibika. Tumeandika kadi ishirini, moja kwa kila nyumba ya mtaa wetu. Kumi kaandika Kiranja, na nakiri mwandiko wake ni bora. Tena kesho, nikishaonana na Kiranja getini, nitakwenda na Baba kituoni, kumshikia tochi. Kipindi cha kwanza ni hesabu tu.

Bibi akapita na ufagio, akaziona kadi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia langu ni zima, Bibi, linasikia vizuri kabisa.

Kadi zimekauka. Kimebaki kitu kimoja, barua ambayo Kiranja ataibeba sasa hivi. Nainakili hapa, kwa sababu niliapa kuandika yote.

"Kwa Sajini. Shikamoo. Mimi ni binti wa fundi kufuli. Kuhusu kikapu, kosa lilikuwa langu na ninaomba radhi. Asante kwa kuisikiliza Sura ya Saba mpaka mwisho. Leo nimeirudia na kuna mahali sijaelewa, na Mwalimu wetu anasema asiyeelewa aulize. Imeandikwa kwamba sababu ya msingi iwepo kabla ya mtu kuzuiwa, siyo baada. Barua hii ameileta binti yako, na kesho tutaonana naye getini kabla ya kengele ya kwanza, kwa hiyo naomba jibu kwa mkono wake huohuo. Ijumaa asubuhi, baba yangu alipokuwa anapita tu na kikapu chake, kabla hujaliinua kabichi: sababu ilikuwa ipi?"